Mti wa Ugenini na Mlango wa Jikoni

Neno kabati ni geni katika Kiswahili, na kamusi huliweka miongoni mwa maneno yaliyotokana na Kiingereza. Huko lilikotoka, maana yake ya kwanza haikuwa sanduku lenye milango. Lilikuwa jina la ubao mtupu wa kupangia vikombe, uliowekwa wazi mbele ya macho ya wageni. Milango ilikuja baadaye, na pamoja nayo maana mpya ya kuhifadhi na kuficha. Chombo hiki, basi, kimebeba kazi mbili zinazopingana tangu zamani, na historia yake haieleweki vema ila kwa kuuliza kila mara: ni nini kilichoonyeshwa, na ni nini kilichofichwa?

Leo kabati la jikoni lililotengenezwa kwa mti mgumu wa ugenini, au kwa mbao duni zilizovikwa vinia ya mti huo, ni alama ya nyumba ya mwenye uwezo, iwe Stockholm au Nairobi. Watu wamelizoea hata wakadhani kwamba mambo yalikuwa hivyo siku zote. Kumbe jikoni ndipo mahali pa mwisho ambapo mti wa thamani ulifika. Katika sebule, katika maktaba na katika chumba cha kulia ulikuwa umekaa kwa karne nyingi kabla ya kuvuka kizingiti cha jiko. Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini ulichelewa hivyo, na ni nani hatimaye aliyeufungulia mlango.

Yafaa kwanza kuieleza vinia yenyewe. Vinia ni bamba jembamba la mti, lililopasuliwa kwa msumeno au kumenywa kwa kisu cha mashine, ambalo hubandikwa kwa gundi juu ya mbao nyingine ili sura ya nje iwe ya mti bora. Siku hizi aghalabu haifikii unene wa milimita 1. Fundi wa kale aliyepasua kwa mkono alishukuru alipopata milimita 2 au 3. Kwa kuwa kazi yake ni kufunika, wengi huichukulia kuwa ni namna ya udanganyifu. Rai hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Ziko sehemu za mti ambazo hazifai sana kutumiwa kwa njia nyingine: mafundo ya shina na ya mizizi, yenye nakshi za ajabu, hupasuka na kujikunja yakikatwa kuwa mbao nene, ilhali yakibandikwa juu ya ubao uliotulia huweza kudumu mamia ya miaka. Vinia ilianza kama ufundi wa wafalme, wala haikuwa hila ya maskini.

Ushahidi wa kale ulio wazi watoka Afrika. Katika kaburi la Rekhmire, aliyekuwa waziri wa Farao Thutmose III (1479–1425 K.K.), imo michoro ya maseremala walio kazini. Mmoja wao anabandika bamba la mti mweusi juu ya mti wa rangi nyepesi, na chungu cha gundi kiko motoni karibu naye. Mti mweusi ulithaminiwa mno. Michoro ya hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari yauonyesha miongoni mwa mali iliyoletwa kwa jahazi kutoka nchi ya Punt. Wamisri waliuita kwa jina ambalo huandikwa hbny. Jina hilo lilipita katika Kiyunani, likaingia katika Kiarabu kwa umbo la abnus, na katika Kiswahili likawa abunusi. Ajabu ni kwamba wataalamu waliovichunguza vyombo vilivyosalia wamebaini kuwa mti huo wa Mafarao ulikuwa hasa Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo. Kwa hiyo Mswahili alipokea kwa safari ndefu, kupitia Misri, Uyunani na Arabuni, jina la mti ambao ulikwisha kuota mlangoni pake na ambao alikuwa na jina lake mwenyewe.

Baada ya Misri, hadithi yenye mengi ya kufundisha ni ile ya Roma. Mwandishi Pliny Mzee, aliyefariki mwaka 79 B.K. katika mlipuko wa mlima Vesuvius, amesimulia kwa kirefu wazimu uliowashika matajiri wa Roma kwa ajili ya meza za mti wa citrus. Mti huo haukuwa mlimau wala mchungwa, japo jina linafanana. Ulikuwa Tetraclinis articulata, uotao katika milima ya Atlas, katika nchi ambayo leo ni Morocco na Algeria. Kilichotafutwa hasa ni vifundo vya mizizi yake. Cicero, ambaye hakuhesabiwa kuwa tajiri wa kupindukia, alinunua meza moja kwa sesterti 500,000. Asinius Gallus alinunua yake kwa sesterti 1,000,000. Meza mbili zilizokuwa za Mfalme Juba ziliuzwa mnadani, moja kwa sesterti 1,200,000, na ya pili kwa bei iliyopungua kidogo tu. Pliny anaeleza kwamba fedha za namna hiyo zingeweza kununua shamba kubwa. Anaongeza jambo la kuchekesha: wanaume walipowalaumu wake zao kwa kupenda lulu, wake hao waliwajibu kwa kuwatajia meza.

Ni Pliny huyo huyo aliyeitazama vinia kwa jicho kali kuliko wote waliomtangulia. Alipofika katika maelezo ya mabamba membamba ya kubandika, alisema kwamba hapo ndipo lilipo chimbuko la anasa, yaani kuuvika mti mmoja gome la mti mwingine. Kisha akataja sababu: kwa njia hiyo mti mmoja ungeweza kuuzwa mara nyingi. Katika maneno hayo machache aligusa hesabu yote ya biashara itakayofuata. Gogo moja likiwa mbao latosha meza moja; likipasuliwa kuwa mabamba, laweza kuvika meza ishirini.

Lakini katika orodha ndefu ya anasa za Roma, jiko halimo. Magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na mlipuko ule ule, yanaeleza sababu waziwazi. Jiko la nyumba ya tajiri lilikuwa chumba kidogo chenye giza na moshi, lenye meko ya mawe, na mara nyingi choo kilikuwa papo hapo kando ya meko. Aliyefanya kazi humo alikuwa mtumwa. Meza ya milioni ilikaa kule chakula kilikoliwa, na hakuna aliyefikiri kuiweka kule kilikopikwa.

Mgawanyo huo haukuwa wa Warumi peke yao. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, fundi wa chokaa alitumia ustadi wake wote katika ndani, chumba cha faragha kilicho nyuma kabisa ya nyumba. Huko ukuta mzima ulichongwa zidaka, safu juu ya safu, na katika zidaka hizo zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China. Zidaka zilikuwa ndizo kabati za Waswahili kwa maana ile ya kwanza kabisa ya neno, yaani mahali pa kuonyesha vyombo. Jiko je? Jiko liliwekwa juu kabisa, orofani, chini ya paa la makuti, ili moshi upate kutoka. Vyombo vyake vilikaa juu ya uchaga, na chakula kilichobaki kilitundikwa katika susu kisifikiwe na panya. Waliopanda na kushuka ngazi hizo kutwa kucha walikuwa, katika nyumba za wenye mali, wajakazi. Kaure haikupanda nao ila kwa kuoshwa.

Turudi Ulaya, maana ndiko biashara ya mti wa ugenini ilikopanuka na kuwa kitu kipya. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika. Nia ilikuwa kuipatia merikebu mbao. Matokeo yake yalikuwa kwamba mahogani ya Jamaika ilishuka bei na kuingia katika nyumba za Waingereza. Maseremala wa London, ambao kwa miaka sitini walikuwa wakivika samani zao vinia ya mjozi, waligundua mti usiopindika na usioliwa na wadudu kwa urahisi, wenye mapana makubwa, na unaokubali kuchongwa nakshi ndogo ndogo. Thomas Chippendale alipochapisha kitabu chake cha michoro ya samani mwaka 1754, mahogani ilikuwa imekwisha kuwa mti wa heshima. Misitu ya Jamaika ilipoanza kwisha, wakataji walihamia pwani ya Belize.

Ni watumwa kutoka Afrika, na wana wao, walioukata mti huo, na kazi yao yastahili kuelezwa kwa sababu kabati lenyewe haliielezi. Mmoja wao, aliyejua msitu kuliko wenziwe, alipanda juu ya mti mrefu kuliko yote na kuangalia majani kwa mbali, akitafuta rangi ya majani ya mahogani mnamo mwezi wa Agosti. Akisha kuupata, kikosi kilifyeka njia hadi kwenye shina. Kwa kuwa mzizi wa mti huo hutanuka sana chini, walijenga jukwaa la miti kulizunguka shina na kulikata futi 10 au 12 kutoka ardhini. Katika miezi ya ukame, Aprili na Mei, magogo yalikokotwa na ng'ombe usiku, kwa mwanga wa mienge, maana joto la mchana lingewaua wanyama hao. Mvua za Juni zilipoijaza mito, magogo yaliachiwa maji yakashuka nayo mpaka baharini. Utumwa katika koloni hizo ulikomeshwa kabisa mwaka 1838. Bendera ya Belize ya leo ina picha ya mti wa mahogani na ya wakataji wawili, na hapana shaka ni bendera chache duniani zinazokumbuka kazi ya shoka kwa uwazi namna hiyo.

Hapo ndipo mashine ilipoingia. Mwaka 1806 Marc Isambard Brunel alipata hataza ya msumeno wa kupasulia vinia, na kiwanda chake huko Battersea kilizalisha mabamba mengi kwa muda ambao mpasuaji wa mkono angetoa machache. Baadaye zilikuja mashine za kulimenya gogo zima, kama mtu amenyavyo chungwa, likawa karatasi moja ndefu ya mti. Kitu kilichokuwa fahari ya Farao kikawa kitu cha mfanyabiashara wa kawaida, na sifa yake ikaharibika papo hapo. Charles Dickens, katika riwaya yake ya mwaka 1864 na 1865, Our Mutual Friend, aliipa familia moja ya matajiri wapya jina lililotokana na vinia, na msomaji wa Kiingereza hakuhitaji maelezo zaidi ili ajue watu hao ni wa namna gani. Yaani wote wang'ara juu, na chini haijulikani kuna nini.

Kung'ara huko nako kulikuwa na asili yake, na sehemu ya asili hiyo ilikuwa pwani ya Afrika Mashariki. Mti ukisha kubandikwa hutaka kupakwa vanishi, na katika karne ya 19 vanishi iliyosifiwa kwa ugumu ilitokana na sandarusi ya Zanzibar. Kwa kweli sandarusi hiyo haikutoka kisiwani. Ilichimbwa ardhini bara, hasa katika nchi ya Wazaramo na majirani zao, mahali ambapo misitu ya msandarusi ilikuwa imekufa zamani na utomvu wake kugandamana mchangani. Wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa Massachusetts, waliinunua kwa wingi. Marekani ilifanya mkataba na Sultan Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Sandarusi ilisafishwa katika kiwanda cha huko huko Salem, ikayeyushwa pamoja na mafuta, na kupakwa juu ya meza na makabati. Meli zilizoichukua zilileta nguo ya pamba ambayo Waswahili hata leo huiita marekani.

Kwa mwanafunzi wa lugha, neno sandarusi lina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba ni neno la Kiarabu, nalo ni ndugu wa jina ambalo Wazungu huupa utomvu wa mti mwingine kabisa. Na mti huo si mwingine ila Tetraclinis articulata, ule ule uliowatia wazimu Warumi. Mti wa Atlas na mti wa Uzaramo, usio na udugu nao, vimekutana katika jina moja kwa sababu vyote viwili viling'arisha samani za watu wa mbali. La pili ni dogo lakini linafurahisha. Sandarusi mbichi, iliyotoka mtini bila kukaa ardhini, iliitwa chakazi na ilikuwa na bei ndogo. Msafiri Richard Burton aliandika kwamba wafanyabiashara wa Kizungu mjini Zanzibar walilitamka neno hilo hata likawa neno la Kiingereza lenye maana ya punda dume. Ndivyo bidhaa duni ilivyopata jina lililoifaa, kwa kosa la matamshi tu.

Hata katika kipindi hicho, mahogani ilipokuwa rahisi, vinia ilipokuwa rahisi zaidi, na vanishi ya kuilinda ilipopatikana, jiko la Ulaya lilibaki vile vile. Katika nyumba kubwa ya Uingereza ya wakati wa Malkia Victoria, jiko lilikuwa chini ya ardhi au nyuma ya ua. Kabati lake lilikuwa la msonobari uliopakwa rangi, na meza yake ilikuwa ya msonobari usiopakwa kitu, iliyosuguliwa kila siku kwa mchanga na magadi hata ikawa nyeupe. Ngazi chache juu yake, katika chumba cha kulia, meza ya mahogani ilikuwa ikipanguswa kwa nta. Nyumba ni moja, seremala pengine ni mmoja, na mti umegawanyika kwa mujibu wa nani atauona.

Wako watakaosema kwamba sababu ilikuwa gundi. Hoja hii ni nzito na haipasi kupuuzwa. Tangu zama za Rekhmire mpaka mwanzo wa karne ya 20, vinia ilibandikwa hasa kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hushika barabara mahali pakavu, lakini joto na unyevu huilegeza. Ndiyo maana fundi stadi anaweza kuibandua vinia ya kale kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto. Ukiiweka karibu na birika linalochemka, itavimba na kubanduka. Gundi za kemikali zisizoogopa mvuke zilienea viwandani tangu miaka ya 1930, hasa kutoka Ujerumani, na bila hizo kabati la vinia lisingedumu jikoni.

Hata hivyo, gundi haielezi yote. Mahogani nene isiyo na vinia haihitaji gundi hiyo hata kidogo ili kustahimili mvuke. Mti huo huo ulitumiwa kujengea mashua. Lau ingekuwa kwamba kizuizi ni ufundi peke yake, wenye nyumba wangeweka mahogani nzima jikoni tangu mwaka 1750. Hawakuweka, kwa sababu hawakuingia humo. Mwaka 1911 watumishi wa nyumbani walikuwa bado zaidi ya milioni 1 katika Uingereza, wengi wao wanawake, na hakuna bwana aliyeona haja ya kutumia fedha kumpendezesha mpishi.

Mfano wa Marekani waithibitisha hoja hii. Huko, katika majimbo ya kaskazini, familia nyingi za hali ya wastani hazikuwa na watumishi. Mwaka 1869 Catharine Beecher na dada yake Harriet Beecher Stowe, yule aliyeandika habari za Mjomba Tom, walichapisha kitabu cha utunzaji wa nyumba, na ndani yake mchoro wa jiko lililopangwa kwa ajili ya mke anayepika mwenyewe: rafu, droo na mapipa ya unga, kila kitu mahali ambapo mkono unafika. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, viwanda vya Indiana vilikuwa vikiuza kabati za jikoni zilizokamilika, zenye chujio la unga na ubao wa kuvuta wa kukandia. Nyingi zilikuwa za mwaloni. Mwaloni haukuwa mti wa ugenini kwa Mmarekani, lakini ulikuwa mti wa kuonekana, wenye kupigwa vanishi na kuachwa na sura yake. Mwenye nyumba alikuwa ameingia jikoni, na mti mzuri ukamfuata.

Kiswahili, ambacho humwita mke jiko na husema mtu amepata jiko aoapo, kingeweza kuwaeleza wachumi jambo hili kwa ufupi zaidi.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa katika mji wa Frankfurt, mwaka 1926. Msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna, alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikijengwa na manispaa chini ya uongozi wa Ernst May. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Kabati zote zilijengwa ukutani. Meza ya kukatia ilikuwa ya mti wa bichi. Droo za unga zilikuwa za mwaloni kwa kuwa tanini iliyomo ilitarajiwa kuwazuia wadudu. Na nyuso zilipakwa rangi ya buluu yenye kijani, ambayo iliaminiwa kwamba inzi hawaipendi. Majiko kama hayo kiasi cha 10,000 yalijengwa. Ndani yake kila mti umewekwa kwa kazi yake, na hakuna hata mmoja uliowekwa kwa fahari. Yumkini hili ndilo kabati la jikoni lililo nyofu kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa. Pamoja na hayo, ni halali kusema kwamba lilimfungia mwanamke mmoja, peke yake, katika chumba ambacho mtu wa pili hangeweza kupita, na lawama hiyo imetolewa mara nyingi.

Ernst May mwenyewe alifuata njia ambayo wasomaji wa Kenya hawana budi kuikumbuka. Baada ya miaka michache katika Muungano wa Kisovieti hakuweza kurudi Ujerumani ya Hitler; mwaka 1934 alifika Tanganyika akawa mkulima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Alichora mpango wa kuupanua mji wa Kampala, na hoteli ya Oceanic iliyojengwa Mombasa ni kazi yake. Mtu ambaye idara yake ilikuwa imejenga maelfu ya majiko kwa familia zisizo na mtumishi alijikuta katika nchi ambamo kanuni ilikuwa kinyume. Katika nyumba nyingi za walowezi jiko lilikuwa kibanda cha nje, karibu na vyumba vya watumishi, na mpishi Mwafrika alivuka ua kwa mvua na jua akibeba sahani. Samani za mvule na mninga zilikuwa barazani na sebuleni. Kibandani palikuwa na rafu za mbao za sanduku.

Mabadiliko katika Ulaya yalikamilika baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Watumishi walikuwa wametoweka katika nyumba nyingi, wakivutwa na viwanda na ofisi, na ukuta uliotenga jiko na sebule ukaanza kubomolewa. Mara jiko likawa mahali pa kukaribishia wageni. Wakati huo huo vitu viwili vilikuwa tayari: zile gundi za kemikali, na chipubodi, yaani mbao zilizogandishwa kutokana na vipande na vumbi la mti, ambazo hazina thamani ya sura lakini hazipindiki na zakubali kuvikwa chochote. Miaka ya 1960 na 1970 ikawa miaka ya vinia ya msaji. Mtindo huo ulitoka hasa Denmark na nchi jirani zake, na mti wenyewe ulitoka Thailand na Burma. Msaji si mgeni Afrika Mashariki. Jina lake ni la Kiarabu, na milango mingi ya fahari ya Zanzibar ilichongwa kwa mti huo ulioletwa kutoka Bara Hindi. Tofauti ni kwamba mlango wa Zanzibar ulitazama barabarani, na sasa msaji ulitazama sufuria. Palikuwa pia na laminati za plastiki zenye picha ya mti iliyochapwa juu ya karatasi, ambazo zilivuka mpaka ambao vinia haikuuvuka: vinia, hata ikiwa nyembamba vipi, ni mti.

Mahitaji hayo yaliifikia misitu ya Afrika ya kati na magharibi. Okume ya Gabon, ambayo humenywa kwa urahisi, ikawa mti wa plaiwudi wa dunia, mpaka serikali ya Gabon ilipokataza usafirishaji wa magogo mwaka 2010 ili kazi ya kumenya ifanyike nchini. Mti wa sapele ulipewa jina la mji wa Nigeria, nao ukawa mmojawapo wa miti ya kawaida ya milango ya makabati. Katika misitu ya bonde la Kongo mti huo hukaliwa na viwavi wanaoliwa na wenyeji, na ni chakula chenye nguvu katika majira ambapo nyama ni adimu. Mti ukikatwa, jiko moja hupata mlango na jiko jingine hupungukiwa kitoweo. Na kama ilivyokuwa Roma, mwenye jiko la kwanza hajui kwamba la pili lipo.

Kuna miti mitatu ambayo fundi wa Afrika Mashariki aijua kwa mkono wake: mkangazi, ambao ni mahogani ya Afrika, mbambakofi, ambao sehemu nyingine huitwa mkongo, na mninga. Mnamo Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ziliamua kwamba jamii zote tatu, yaani Khaya, Afzelia na Pterocarpus za Afrika, ziingizwe katika orodha ya pili, na tangu mwaka 2023 hazivuki mpaka bila kibali. Maelezo ya uamuzi huo yanataja kwa majina vitu vinavyohusika: magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia, plaiwudi, na mbao zilizotengenezwa tayari kwa kuunganishwa. Kabati lililokamilika halikutajwa.